Mama ni "cook", si "cooker": dhana potofu kuhusu vitenzi na nomino za Kiingereza

Kila mwaka, kidato cha kwanza kinapoanza, mimi hukutana na sentensi ileile kwenye madaftari ninayosahihisha: "My mother is a cooker." Darasa likielezwa kwamba mwenzao amesema mama yake ni jiko, kicheko hulipuka. Mimi sicheki, na siku hizi sikubali wengine wacheke, kwa sababu mtoto yule amefikiri vizuri kabisa. Kwao nyumbani anayelima ni mkulima, anayecheza ni mchezaji, anayepika ni mpishi. Ameona "teach" ikizaa "teacher" na "play" ikizaa "player", naye akaunda "cooker" kwa hesabu hiyohiyo. Huo si uvivu hata kidogo.

Sisi tuliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha tukaingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza tulibeba dhana nyingi za namna hii. Nyingine tulipewa na walimu wetu wenyewe. Nazieleza hapa zile ninazokutana nazo mara kwa mara.

Dhana: Neno likiwa nomino ni nomino, likiwa kitenzi ni kitenzi.

Kwa Kiswahili hilo ni kweli. Upendo, mpenzi, mapenzi, kupenda: ukisikia mwanzo na mwisho wa neno, kazi yake unaijua hata kabla ya sentensi kuisha. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa hivyo. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, upendo uliitwa "lufu" na kupenda "lufian". Jibu lilikuwa "andswaru" na kujibu "andswarian". Kadiri karne zilivyopita, miisho hiyo ikachakaa midomoni mwa watu hadi ikadondoka. Leo upendo ni "love" na kupenda ni "love". Jibu ni "answer" na kujibu ni "answer". Alama zilipotoka kwenye neno, kazi yake ikachukuliwa na nafasi. Likitanguliwa na "a" au "the", neno hilo ni nomino. Likikaa mara baada ya mtenda, ni kitenzi.

Ndiyo maana karibu kila kiungo cha mwili kwa Kiingereza kinaweza kufanya kazi ya kitenzi bila kuongezwa herufi hata moja. "Face" ni kukabili, "hand" ni kukabidhi, "shoulder" ni kubeba mzigo au lawama, "elbow" ni kumpiga mtu kumbo kwa kiwiko, "back" ni kuunga mkono, "stomach" ni kustahimili jambo lisilopendeza. Anayesema "foot the bill" anazungumzia kulipa gharama, wala hakuna mguu unaohusika. Mwanafunzi anayetafuta kila neno kwenye kamusi na kuchukua maana ya kwanza atahangaika sana hapa. Huwa nawaambia wangu: kabla hujauliza neno lina maana gani, uliza limekaa wapi.

Na "cook" je? Neno hili liliingia Kiingereza kutoka Kilatini likiwa jina la mtu: mpishi. Kitenzi kilitokana na jina hilo baadaye. Mpishi hakuhitaji "-er" kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia na kazi yake ikaitwa kwa jina lake. Mwanafunzi akielezwa hivi, kosa lile halirudi. Akichekwa tu, hurudi.

Wakati mwingine tofauti ipo, ila masikio yetu hayakuzoezwa kuitafuta. "Record" ikitiwa mkazo kwenye silabi ya kwanza ni nomino, ikitiwa kwenye ya pili ni kitenzi, na ndivyo zilivyo "permit", "import" na "object". Kwetu mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hatuusikilizi. Lakini tunao mfano mmoja maarufu: barabara ya kupita magari, na barabara ya kusema jambo limekwenda sawasawa. Herufi ni zilezile, kinachozitenga ni mkazo. Anayezitofautisha hizo mbili bila kufikiri ataweza kuzitofautisha na "record" mbili.

Dhana: Kugeuza nomino kuwa vitenzi ni uharibifu ulioletwa na vijana wa intaneti.

Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakilalamikia "to text" na "to google" kana kwamba Kiingereza kimeanza kuoza juzi. Malalamiko haya ni ya zamani. Mwaka 1789 Benjamin Franklin alimwandikia barua Noah Webster, mtunga kamusi, akimwomba asaidie kupiga vita vitenzi vipya vilivyomkera, vilivyoundwa kutokana na nomino. Miongoni mwake vilikuwamo "notice", "advocate" na "progress". Leo mwalimu gani anaweza kumkata mwanafunzi alama kwa kuandika "I noticed"? Njia ya kinyume nayo ni kongwe: "editor" lilitangulia, kisha watu wakalikata mkia na kupata "edit". Lugha iliyokwisha kupoteza miisho yake haina kizuizi cha kulizuia neno lisivuke upande wa pili.

Dhana: "S" ni alama ya wingi, kwa hiyo wavulana wengi "plays".

Kosa hili lina akili ndani yake. Kwetu kitenzi hufuata ngeli ya nomino: kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika. Mtoto anatarajia wingi uonekane pande zote mbili. Kumbe "s" ya nomino na "s" ya kitenzi zinafanana kwa sura tu, hazina undugu. Ya nomino ni ya wingi. Ya kitenzi ni ya mmoja anayesemwa, yule wa "yeye". Zamani kusini mwa Uingereza kitenzi hicho kilimalizikia "-eth", na wanaosoma Zaburi ya 23 katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 wanaijua: "maketh", "leadeth". "S" ilishuka kutoka kaskazini, na kwa muda zote mbili zilitumika London. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, mstari mmoja tu unaosifu huruma una "blesseth", kisha "gives" na "takes". Mwandishi huyohuyo, pumzi hiyohiyo, kanuni mbili. Hilo huwapa moyo wanafunzi wangu kuliko zoezi lolote.

Dhana: Kitu unachoweza kukigusa na kukihesabu lazima kiwe na wingi.

Hapa ndipo zinapotoka "furnitures", "equipments", "luggages" na "advices". Viti vinne na meza moja vinahesabika, kwa nini "furniture" isiongezwe "s"? Kwa sababu lugha haihesabu vitu, inahesabu maneno. Tazama jikoni kwetu. Mchele una punje chungu nzima, lakini tunausema kama kitu kimoja: mchele umeiva. Maharagwe nayo ni punje, lakini yanaiva kwa wingi. Hakuna mpishi anayeweza kueleza kwa nini, na Kiingereza kimefanya vilevile kwa vitu hivyohivyo: "rice" ni kimoja, "beans" ni vingi. Tunapoachana ni kwingine. Nywele zetu ni nyingi, "hair" yao ni moja. Ushauri kwetu hauna wingi, na "advice" kwao haina pia, kwa hiyo "advices" ni kosa ambalo Kiswahili chenyewe kingetuepusha nalo kama tungekisikiliza.

Wingi huweza pia kuzaliwa kwa kusikia vibaya. Njegere kwa Kiingereza ziliitwa "pease", na "s" hiyo ilikuwa sehemu ya neno lenyewe. Watu wakasikia "s" pale mwishoni, wakadhani ni ya wingi, wakaiondoa, wakapata "pea". Sisi tulifanya jambo hilohilo kwa neno lao. "Mudguard" ya gari ilifika kwetu ikawa madigadi. Tukasikia "ma-" ya wingi, tukaiondoa, na sasa fundi anagonga digadi moja. Na "keep left" ya barabarani ikawa kipilefti, tukasikia "ki-", kikapata wenzake vipilefti. Waingereza wa njegere na mafundi wetu wa gereji walitumia sikio la aina moja.

Dhana: "-ing" ni sasa, "-ed" ni jana.

Hii ndiyo inayowasumbua hata watu wenye shahada. "I am having two children." "I am knowing him." Nyuma ya sentensi hizi kuna "-na-" yetu: nina watoto, ninamjua, ninakula, zote tunazisema kwa sauti moja. Kiingereza hugawa. Jambo linaloendelea na litakaloisha huchukua "-ing". Hali iliyotulia, kama kujua, kumiliki au kuamini, huachwa wazi: "I have", "I know".

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye "-me-". Tunasema amevaa shati jeupe, amesimama mlangoni, amelala, amekaa. Vitabu vingi vya shule hufundisha kwamba "-me-" ni "has", basi mwanafunzi huandika "He has worn a white shirt" akimwelezea mtu aliye mbele ya macho yake. Lakini "-me-" yetu hapo inaeleza hali iliyopo baada ya tendo kukamilika. Shati liko mwilini. Mwingereza huitazama hali hiyo kama jambo linaloendelea, naye husema "is wearing", "is standing", "is sitting". Aliyelala ni "asleep". Kiambishi kimoja kinahitaji kutafsiriwa kwa njia tatu au nne, na hakuna jedwali litakalomwokoa mwanafunzi asiyejiuliza kwanza: je, ninaeleza tendo au hali?

Kuhusu "-ed", ni kweli mara nyingi husema jana. Lakini Kiingereza hakina "-nge-", kwa hiyo hukopa umbo la wakati uliopita kusema jambo lisilokuwapo: "If I had money" ni ningekuwa na fedha, leo hii. Hukopa umbo hilohilo kwa ajili ya adabu, "I wanted to ask", na wala hilo lisitushangaze. Nani kati yetu hajawahi kuingia ofisini na kusema "nilikuwa naomba kumwona mkuu," ilhali anaomba dakika hiyohiyo?

Na zile "njeo kumi na mbili", yaani nyakati za kitenzi, tulizokariri? Umbo la kitenzi chenyewe lina mbili tu, uliopita na usiopita. Zilizobaki huundwa kwa vitenzi visaidizi.

Dhana: Vitenzi visivyofuata kanuni ni mabaki yanayokufa.

Vingine vimekufa, lakini vingine vimezaliwa. Biblia ileile ya 1611 inasema visima vya Ibrahimu vilikuwa "digged", na Mungu amemsaidia Israeli mtumishi wake, "holpen". Leo cha kwanza kimeiacha kanuni kikawa "dug", na cha pili kimeingia kwenye kanuni kikawa "helped". Vilipishana njiani. Vinavyodumu nje ya kanuni ni vile visivyobanduka mdomoni: "be", "have", "do", "say", "go", "come". Linalotamkwa kila saa hukaririwa lilivyo, halisubiri kanuni. Kwetu pia, vitenzi vinavyokataa amri ya kawaida ni vipi? Njoo, nenda, lete.

Dhana: Vitenzi vya Kiingereza vinavyoingia Kiswahili vinavunja sarufi yetu.

Wanaosema hivi huonyesha kwamba kuripoti, kufeli na kusevu havimalizikii "-a". Ni kweli, lakini kusafiri, kujibu na kusamehe navyo havimalizikii hivyo. Njia hiyo ilikwisha kukatwa na maneno ya Kiarabu zamani. Ninasoma hukanushwa kuwa sisomi, irabu ikibadilika, ilhali ninajibu huwa sijibu, irabu ikibaki. Kitenzi kipya kimepanga foleni nyuma ya kujibu: sijibu, sisafiri, sifeli, siripoti. Kikishaingia hufanya kazi kama mwenyeji: ameripotiwa, wamefelishwa, imesevika. Mwingereza aliyezaliwa na neno "report" hawezi kulinyumbua hivyo kwa lugha yake.