Risasi Kuingia kwenye Silinda Si Ushahidi Kwamba Inafaa

Wengi wanaoleta bastola za silinda (revolva) kwa ukaguzi huja na hoja moja: risasi imeingia vizuri, silinda imefunga, basi inafaa. Hoja hiyo ni ya hatari, hasa pale silinda ilipotengenezwa kupokea risasi za bastola za magazini, kama vile .45 ACP au 9mm Parabellum.

Risasi ya asili ya bastola ya silinda ina ukingo uliotokeza kwenye kitako. Ukingo huo huizuia isizame ndani ya chemba, yaani tundu la silinda linalobeba risasi moja, na wakati wa kutoa maganda ndio unaosukumwa. Risasi ya magazini haina ukingo wa namna hiyo, ina mfereji tu unaozunguka kitako. Ukiitia kwenye silinda, lazima kiwepo kitu kingine cha kuizuia. Ama mdomo wa ganda lake ugote kwenye ngazi ndogo iliyochongwa ndani ya chemba, ama ishikwe mferejini na klipu bapa ya chuma.

Klipu hiyo ilizaliwa na uhaba. Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, bastola za magazini za jeshi, M1911, hazikutosha, na kampuni za Colt na Smith & Wesson zikatengeneza bastola za silinda za kupiga risasi ileile ya .45 ACP. Zikaitwa M1917, zikiwa na klipu za nusu mwezi, kila moja ikibeba risasi tatu. Chemba za Colt za mwanzo zilitobolewa moja kwa moja bila ile ngazi ya ndani, kwa hiyo risasi isiyo na klipu huzama na nyundo haiifikii sawasawa fataki ya kitako inayowasha baruti. Za Smith & Wesson zilikuwa na ngazi tangu awali. Hizo hupiga bila klipu, ila maganda huyatoi kwa mkupuo, unayasukuma moja moja kwa kijiti. Mwaka 1920 kampuni ya Peters ilitoa .45 Auto Rim, yenye ukingo mnene unaojaza nafasi ya klipu, na mwenye M1917 akaweza kuacha klipu kabisa.

Bastola inayonitia wasiwasi kuliko zote ni Webley ya Uingereza. Ilitengenezwa kwa risasi ya .455, ambayo shinikizo lake ni dogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Webley nyingi ziliuzwa Marekani, na upande wa nyuma wa silinda zake ukachongwa ili zipokee .45 ACP kwa klipu. Risasi inaingia, klipu inakaa, silinda inazunguka bila kukwaruza, na kwa macho kila kitu ni salama. Lakini shinikizo la .45 ACP ya kawaida ya kiwandani hufikia au kuzidi lile ambalo kiwanda kilitumia kwa makusudi kuijaribu Webley kama itahimili. Jaribio hilo lilikusudiwa kufanywa mara chache tu kabla silaha haijatoka kiwandani. Mwenye Webley iliyochongwa hulirudia kila anapovuta kifyatulio, kwenye chuma kilichozeeka. Asitie humo .45 ACP ya kiwandani, hata kama aliyemuuzia alizitumia miaka mingi.

Shinikizo ndilo lisiloonekana kwa kupima chemba. Kwa viwango vya SAAMI, taasisi ya Marekani inayoweka vipimo vya silaha na risasi, kikomo cha shinikizo la .45 ACP ni psi 21,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), na cha ile yenye alama ya +P, iliyojazwa nguvu zaidi, ni 23,000. Risasi ya .45 Super ina umbo lilelile na nguvu kubwa zaidi. Zote tatu zitaingia kwenye M1917, lakini bastola yenye zaidi ya miaka mia inastahili ya kawaida pekee.

Ipo mifano ambapo risasi mbili huruhusiwa. Smith & Wesson 610, iliyotengenezwa kwa 10mm Auto, hupiga pia .40 S&W iliyo fupi zaidi, kwa sababu klipu ndiyo inayoishika. Baadhi ya Ruger Blackhawk huuzwa na silinda mbili, ya .45 Colt, ambayo ni risasi yenye ukingo, na ya .45 ACP. Hapo unabadilisha silinda nzima, tena ile iliyolinganishwa na bastola hiyohiyo. Ukiitia .45 ACP kwenye silinda ya .45 Colt, itazama.

Klipu nayo ina masharti yake. Unene wa mfereji hutofautiana kati ya watengenezaji wa maganda, na klipu iliyopinda kidogo tu huikwamisha silinda.

Tatizo linalosahaulika zaidi ni kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka, kusogea ndani ya ganda. Ganda linalogota kwa mdomo haliwezi kukunjwa sana kukibana kichwa, kwa hiyo teke la bastola nyepesi inapopiga unaweza kukivuta kichwa cha risasi iliyobaki kwenye silinda hadi kitokeze mbele na kuizuia isizunguke. Pima hivi ukiwa uwanja wa shabaha: chukua urefu wa risasi moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi), ijaze silinda, piga zote isipokuwa hiyo, kisha itoe uipime tena. Ikiwa imerefuka, risasi za aina hiyo haziifai bastola hiyo, hata kama maandishi ya kwenye boksi na ya kwenye mtutu yanalingana.