Mnyororo wa Thamani Hauanzii Bandarini

"Sisi tunauzia soko la Kibaigwa hapa Dodoma tu, soko la dunia ni la wakubwa wa Dar." Kauli hii imezoeleka Dodoma na Singida, kuanzia kwenye mizani ya alizeti hadi ofisi za AMCOS, vyama vya ushirika vya mazao. Ina ukweli kidogo na upotofu mwingi, kwa sababu mnyororo wa thamani, yaani hatua zote za bidhaa kuanzia shambani hadi kwa mlaji, unampitia mdogo pia.

Dhana: Asiyeuza nje hayumo kwenye soko la dunia.

Chukua mwenye mashine ya kukamua alizeti Singida, ambaye mafuta yake yanaishia soko la Majengo. Dumu lake linashindana na mafuta ya mawese ya Indonesia na Malaysia, kwa hiyo bei yake huyumba pamoja nayo. Mwaka 2022 vita vilibana mafuta ya alizeti ya Ukraine, na Aprili Indonesia ikazuia mawese yake yasiuzwe nje kwa wiki kadhaa. Bei ya mafuta ya kula ikapaa duniani. Hakuna aliyemuuliza mkamuaji wetu kama ana leseni ya kusafirisha bidhaa nje.

Halafu kuna mashudu, makapi yanayobaki baada ya kukamua. Mengine huvuka mpaka kwenda kulisha mifugo Kenya. Fomu za mpakani hujazwa na mnunuzi, lakini mzigo umetoka kwenye mashine ile ile ya mtaani.

Dhana: Mkubwa ni mdogo mwenye mtaji zaidi.

Hapana, kazi zenyewe ni tofauti. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2020 kwamba kampuni zinazofanya yote mawili, kuagiza kutoka nje na kuuza nje, ni takribani 15% ya kampuni zote za biashara ya nje, lakini zinabeba karibu 80% ya biashara hiyo. Mkubwa ana ghala, ana mkopo wa kukaa na mzigo miezi kadhaa, na anaweza kumeza hasara shehena ikikataliwa. Mdogo analima, anakusanya, anapembua. Kumwambia mkusanyaji wa Kondoa "kua kwanza ndipo uingie" ni kumwambia aingie alikokwisha kuwemo.

Dhana: Karanga ikiwa safi kwa macho, imefaulu.

Hapa ndipo mdogo ana nguvu kuliko anavyodhani. Sumukuvu inatokana na ukungu, na haionekani kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Umoja wa Ulaya unaruhusu 4 tu kwa karanga za kuliwa moja kwa moja. Magunia machache yaliyoanikwa juu ya udongo yanatosha kuangusha lori zima, hasa yakishachanganywa ghalani ambako hakuna anayejua lipi lilitoka kwa nani. Kuna pia mazoea ya kuyamwagia maji maganda ili yabanguke kirahisi (na uzito uongezeke kidogo, tusidanganyane). Unyevu huo ndio ukungu unaoutaka.

Wengi huishia kumlaumu mkulima. Mimi nailaumu bei. Aliyeanika kwenye turubai siku zote anapofika kwenye mizani analipwa sawa na jirani aliyeanika chini, kisha tunamwita semina tumfundishe ubora. Faida ya ubora inabaki kwa mwenye kipimo, na kipimo kiko mbali na kijiji.

Dhana: Ukisindika, thamani yote inabaki kwako.

Sehemu inabaki, si yote. Divai ya zabibu za Dodoma ikifungwa kwa kizibo cha gome halisi la mti (koki), kizibo hicho kimeagizwa nje. Ureno ndiyo inayoongoza duniani kwa gome hilo. Hakuna ubaya wowote, ila kila kinachoagizwa kina mwenyewe anayelipwa.

Kwa kikundi kinachotaka kuuza karanga msimu ujao, maswali ya kumuuliza mnunuzi kabla ya kukubaliana bei ni matatu: anapima unyevu kwenye mizani au ghalani kwake? Gharama ya kupima sumukuvu ni ya nani? Na magunia yetu yatawekewa alama, au yatamwagwa pamoja na ya wengine?