Mzungu Kijijini Ziwani: Yanayosemwa na Yaliyopo Kigoma

Upande wa Kigoma, Ziwa Tanganyika karibu halina visiwa. Linavyo vijiji ambavyo milima imevizuia nyuma na maji yamevizuia mbele, hata anayekwenda huko hupanda boti pale Kibirizi, karibu na Kigoma mjini, akakaa juu ya magunia ya unga na kreti za soda, na akifika akashuka na viatu mkononi. Mwamgongo, kaskazini mwa hifadhi ya sokwe ya Gombe, ni kimoja. Kagunga, mpakani na Burundi, ni kingine. Kusini kuna vile vya pembezoni mwa milima ya Mahale. Mgeni wa Ulaya au Marekani akikaa huko miezi michache hurudi kwao na simulizi ya kisiwani, na simulizi hiyo ikirudi huku nasi tunaimeza. Nyingi ya dhana zilizo hapa chini nimezisikia kwa Watanzania wenzangu kuliko kwa wageni wenyewe.

"Kule ni mwisho wa dunia"

Hii ndiyo iliyozaa nyingine zote, tena ni kongwe. Mwaka 1871 watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakijiuliza kama David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti, amepotea au amekufa. Amepotea kwa nani? Ujiji walijua anaishi wapi, na walijua ni nani aliyeuza shehena yake alipokuwa safarini Manyema, ng'ambo ya ziwa. Stanley mwenyewe, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alipata habari njiani, kwa watu wa msafara waliotoka ziwani, kwamba yuko mzungu mzee Ujiji. Alipokaribia, aliyemtangulia kumpokea ni Susi, mtu wa Livingstone, akamsalimu kwa Kiingereza. Ule ulikuwa mji wa biashara uliojaa Waarabu, Waswahili na watu wa kutoka ng'ambo ya ziwa.

Hali haijabadilika sana. Ziwa lina urefu wa kilometa 673 hivi, na nchi nne zinaligusa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kijana wa Kagunga anaweza kuwa hajaikanyaga Dodoma lakini ana shangazi Burundi na mteja wa dagaa Kongo. Meli ya Liemba ilipita kwenye mwambao huu kwa miongo mingi tangu Waingereza walipoirudisha kazini mwaka 1927, baada ya kuiibua majini. Wajerumani ndio walioiunda kwao, katika mji wa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma kwa reli, na mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Mgeni anayesema amefika asikofika mtu amekaa kwenye njia kuu, ila njia yenyewe ni ya maji na yeye anatafuta lami.

"Mgeni maana yake mzungu"

Mgeni wa kawaida katika vijiji hivi ametoka ng'ambo, anazungumza Kirundi, Kibembe au Kiswahili cha Kongo, na hakuna anayempiga picha. Mei 2015 Kagunga, kijiji kidogo kati ya mlima na maji, kilipokea kwa muda mfupi makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao. Kipindupindu kikaingia. Watu walitolewa kwa maboti na kwa Liemba hadi Kigoma mjini, kisha wakapelekwa kambini Nyarugusu. Waliowapa nafasi uani na kugawana nao vyoo siku zile za mwanzo ni wanakijiji.

Na si kila mkimbizi wa ziwani alikuwa Mwafrika. Julai 1960, Kongo ilipopata uhuru na vurugu zikaanza, waliovuka maji na kulala Kigoma hawana mbele wala nyuma walikuwa Wabelgiji.

"Jane Goodall aliishi peke yake na sokwe"

Mtafiti huyu wa sokwe kutoka Uingereza alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, na alikuja na mama yake. Wakoloni walikataa msichana wa Kiingereza akae porini bila mwenzake, basi mama Vanne akafungasha. Walikuwa na mpishi, walikuwa na askari wa wanyamapori, na ufukweni walikuta wavuvi wenye vibanda vyao. Vanne alifungua zahanati ndogo ya kuwagawia wavuvi dawa za kawaida, na kwa maoni yangu zahanati hiyo iliwapatia ukaribisho ambao darubini ya binti yake isingeweza kuupata. Wote wawili waliugua malaria mapema kabisa.

Watu wanapenda picha ya binti mmoja na msitu. Picha hiyo inawafuta wapishi, wabeba mizigo na wafuatiliaji wa sokwe kutoka vijiji vya jirani, ambao kazi ya Gombe imewategemea kwa miongo sasa. Mahale nako ni vilevile: Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza utafiti mwaka 1965, na waliowaonyesha njia za mlimani ni Watongwe.

Kuna na dhana ndogo iliyojificha ndani ya hii, kwamba sokwe ndiye hatari kwa mgeni. Anaweza kuwa, ana nguvu kuliko sisi. Lakini hatari kubwa hutoka upande wa pili. Mwaka 1966 polio iliwalemaza na kuwaua sokwe wa Gombe, na magonjwa ya mfumo wa hewa yamewaua sokwe huko na Mahale. Ndiyo sababu ya barakoa na ya kukaa mbali nao. Mafua uliyotoka nayo ndani ya ndege yanaweza kummaliza sokwe.

"Wanaume wa huku hulala tu"

Mgeni anafika saa nne asubuhi. Anawakuta vijana wamejinyoosha chini ya mwembe, wengine ndani ya mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, midomo wazi. Wanawake wako juani wanageuza dagaa. Hukumu inatoka hapohapo: wanaume wavivu, wanawake watumwa. Nimewahi kuisikia kwa Mtanzania mwenzetu aliyekuja kwa semina na kuondoka kabla ya magharibi.

Hao vijana wametoka majini alfajiri. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku. Mitumbwi hutoka jua likizama, taa huwashwa gizani, dagaa hufuata mwanga, na wavu hupandishwa kutoka chini yao, tena na tena, hadi karibu na kucha. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Kwa hiyo soko huchemka saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri, mgeni akiwa bado ndani ya chandarua. Beseni zinapimwa, bei inapanda na kushuka kwa makelele, wachuuzi wanagombea sehemu ya kuanika. Dagaa wakikosa jua siku hiyo, hasa masika, wanaharibika, na mtaji wa mama wa watu unaondoka nao. Kazi ya mchana ya wanawake wale ni mwendelezo wa kazi ya usiku ya wanaume wale, ingawa nakubali kwamba faida haigawanywi sawa. Wenye injini na nyavu hula zaidi ya wote.

Kalenda nayo ni ya mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwezi kuwaita dagaa, hivyo mitumbwi hupumzika karibu wiki nzima. Nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, wenye madeni wanatafutana. Atakayefika wiki hiyo atasema kijiji kimelala. Atakayefika mwezi ukiwa umeandama tu atasema hakuna anayelala. Mwulize mgeni alikuwepo lini kabla hujamwamini.

"Ziwa halina mwisho wa samaki"

Kina chake hufika mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Mtu akisikia hivyo anadhani samaki wamejaa hadi chini. Hapana. Hewa ya oksijeni ipo kwenye tabaka la juu tu, mita mia moja hadi mia mbili hivi. Chini ya hapo ni maji yasiyo na samaki. Dagaa, migebuka na sangala wote wanabanana kwenye ghorofa hilo la juu. Ndiyo maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wetu kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Wavuvi walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana mtoto hasubiri Agosti ili ale.

"Maji maangavu ni maji safi"

Maji ya Tanganyika ni maangavu kiasi cha kuona mawe ya chini, na mgeni hujirusha. Kichocho hakionekani kwa macho. Konokono wanaokieneza hupenda sehemu zilizotulia zenye majani, karibu na makazi ya watu, yaani palepale ambapo boti hutia nanga. Mgeni ambaye mwili wake haujawahi kukutana nacho anaweza kupata homa kali wiki kadhaa baadaye, akiwa ameshafika kwao, mbele ya daktari asiyewahi kukiona. Na akimeza prazikwanteli siku ya kuondoka anajidanganya, kwa sababu dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga. Kunywa maji hayo bila kuyachemsha ni habari nyingine, na Kagunga ya 2015 imeshaisema.

"Wenyeji hawaugui malaria"

Kigoma na jirani yake Tabora ni miongoni mwa mikoa inayoumizwa zaidi na malaria nchini. Mtu mzima aliyekulia kijijini huvumilia vimelea kwa sababu ameugua mara nyingi tangu utotoni. Mtoto wa chini ya miaka mitano bado hana kinga hiyo, na mjamzito hupungukiwa nayo, hasa mimba ya kwanza. Tena hufifia: kijana akisoma Arusha miaka kadhaa, akirudi likizo anaanguka sawa na Mjerumani.

"Ile miti mirefu ufukweni ni minazi"

Ni michikichi. Wala usipande kutafuta dafu. Nyama ya tunda hutoa mawese, kokwa hutoa mafuta mengine ya kupikia sabuni. Anayetarajia wali wa nazi atakula ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese, na wengi hawalalamiki.

"Wakikupenda watakupa kiwanja"

Watakupenda, na mzee mmoja atakuonyesha kiwanja kwa moyo mweupe kabisa. Lakini kwa sheria za ardhi za mwaka 1999, asiye raia hapati ardhi ya Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji ya taifa, na hati ya kimila ya kijiji si yake. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambako ndiko hasa kila mgeni anapotaka kibaraza chake. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021, waliojenga chini waliamkia majini, wenyeji kwa wageni. Anayetaka kukaa kweli hupanga chumba, na huanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji akiwa na kibali cha ukaazi mkononi. Huko ataulizwa anafanya kazi gani, anakaa kwa nani, na choo anatumia cha nani.