Mavuno hayaandiki kalenda

Mwezi huu pekee nimeulizwa mara nne kwa nini nchi nyingine zina sikukuu ya taifa ya mavuno na nyingine hazina, na mara zote nne swali limekuja na jibu lake mkononi: eti zipo nchi zilizojaliwa moyo wa shukrani, ndiyo maana zina sikukuu ya mavuno, na zipo nyingine ambazo watu wake huvuna, wakala, wakasahau. Aliyeuliza mara ya mwisho ni mwalimu, mbele ya wanafunzi wake, nami niliwaona wakiandika. Hapo uvumilivu ukaniisha. Nimefuatilia historia ya sikukuu kwa miaka mingi, na sijakutana na jamii ya wakulima isiyo na namna yake ya kushukuru.

Hilo nalipita haraka kwa sababu halina ubishi. Malimbuko yapo kila mahali. Eswatini wana Incwala, ambapo mfalme huonja mazao mapya kabla ya watu wake. Waigbo wana sikukuu ya viazi vikuu vipya. Waga wa Accra wana Homowo, jina lenye maana ya kuizomea njaa. Wayahudi wa kale waliamriwa kupeleka malimbuko hekaluni. Kushukuru si kitu adimu duniani. Kilicho adimu ni serikali kufunga ofisi zake kwa ajili hiyo.

Kosa linaanzia kwenye neno "nchi". Mavuno ni ya bonde, ya zao, ya msimu wa mvua fulani. Nchi ni mipaka na sheria. Itazame India. Watamil wana Pongal katikati ya Januari, Wapunjabi wana Baisakhi mwezi wa Aprili ngano inapokomaa, watu wa Kerala wana Onam kati ya Agosti na Septemba. Serikali ya Delhi ichague ipi? Ikichukua moja itakuwa imewaambia wengine wote kwamba shamba lao si shamba. Kwa hiyo majimbo huwa na mapumziko yao, na anayetafuta "sikukuu ya mavuno ya India" kwenye orodha anarudi mikono mitupu, akidhani amegundua jambo kuhusu roho za Wahindi.

Kisha kuna hesabu ya mwezi, ambayo wauliza swali hawaigusi kabisa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo hutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Sikukuu iliyoangukia mavuno leo, baada ya miaka kadhaa itaangukia palizi, na itachukua kama miaka 33 kuzunguka msimu mzima. Kalenda ya namna hiyo haiwezi kushika tarehe ya mavuno. Lakini Kurani haikuyaacha mavuno bila wajibu: Surat Al-An'am, aya ya 141, inaagiza haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa kwake, na wanazuoni wakaipimia, sehemu moja ya kumi kwa shamba la mvua, nusu ya hiyo kwa shamba la kumwagilia. Shukrani hapo inapimwa kwa pishi. Anayeniambia jamii za Kiislamu hazishukuru kwa mavuno hajawahi kusimama ghalani magunia ya zaka yakitengwa.

Wayahudi nao hufuata mwezi, ila huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ndipo Sukkot, sikukuu yao ya vibanda, ikabaki palepale penye mavuno ya vuli. Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Korea, siku ya 15 ya mwezi wa 8, inashikiliwa na marekebisho ya aina hiyohiyo, na ni mapumziko ya taifa ya siku tatu.

Sasa Marekani, maana kila anayeniuliza anaanzia huko, na hapo ndipo panaponikera zaidi. Watu huchanganya vitu viwili vilivyokuwa mbali kabisa: karamu ya mavuno na siku ya shukrani. Mwaka wa 1621 pale Plymouth, koloni la Waingereza, kulikuwa na karamu. Walowezi 50 hivi waliosalia na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile, wapatao 90 pamoja na kiongozi wao Massasoit walikula na kucheza kwa siku tatu. Tunayajua hayo kwa barua ya Edward Winslow, mmoja wa walowezi hao, na katika maelezo yake ya karamu hiyo Winslow haiiti siku ya shukrani. Asingeiita hivyo. Kwa watu wale, siku ya shukrani ilikuwa ibada maalumu iliyotangazwa na wakuu wa koloni kwa neema fulani inayotajika, kama ambavyo siku ya kufunga ilitangazwa kwa balaa fulani. Yao wenyewe waliifanya mwaka wa 1623, baada ya mvua kuvunja ukame. Mahindi yalikuwa bado shambani, na watu walikwisha shukuru.

Kwa nini desturi ile ikastawi kwao? Kwa sababu Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali, walikuwa wamefuta karibu kalenda nzima ya kanisa. Koloni la Massachusetts lilipiga marufuku Krismasi kuanzia 1659 hadi 1681, na aliyekutwa akiisherehekea alitozwa faini ya shilingi tano. Waliposafisha mwaka namna hiyo, wakabaki na nafasi, na nafasi ile ikajazwa na matangazo ya serikali. Nchi za Kikatoliki hazikuwa na pengo hilo. Poland humwadhimisha Bikira Maria wa Mimea tarehe 15 Agosti, waumini wakiwa na maua, dawa za miti na masuke ya nafaka mikononi, na siku hiyo ni mapumziko ya taifa. Ni sikukuu ya mavuno kamili, imevaa jina la Kupalizwa Mbinguni.

Turudi Marekani. George Washington alitangaza siku ya shukrani mwaka wa 1789, na jambo kubwa alilolitaja lilikuwa katiba mpya. Thomas Jefferson alipokuwa rais alikataa kutangaza yoyote, akiona ibada si kazi ya rais. Mwaka wa 1841 mchungaji Alexander Young alichapisha barua ya Winslow akaweka tanbihi kwamba ile ya 1621 ndiyo shukrani ya kwanza, na tanbihi hiyo ndiyo iliyofungisha ndoa karamu na ibada, miaka 220 baadaye. Halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Abraham Lincoln, aliyeombwa sana na mhariri Sarah Josepha Hale, alitangaza siku mbili za shukrani mwaka wa 1863: moja ya tarehe 6 Agosti kwa ushindi wa vitani, nyingine ya Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Ni kweli tangazo la pili linaanza na baraka za mashamba. Lakini lililomsukuma halikuwa shamba. Taifa lilikuwa limepasuka, naye alitaka siku moja ya kuliweka pamoja. Na mwaka wa 1939 Franklin Roosevelt alipoiwahisha kwa wiki moja, alikuwa akiwasikiliza wafanyabiashara waliotaka siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Majimbo yakagawanyika, hadi sheria ya 1941 ikaifunga kwenye Alhamisi ya nne.

"Lakini Kanada huadhimisha Oktoba kwa sababu baridi yao huwahi." Nimelisikia hilo mpaka basi. Kuanzia 1921 hadi 1930 Kanada iliiweka siku ya shukrani pamoja na kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza, katika wiki ya tarehe 11 Novemba. Baridi haikuchelewa kwa miaka ile kumi. Jumatatu ya pili ya Oktoba ilikuja kuthibitishwa rasmi mwaka wa 1957.

Na Grenada? Siku yao ya shukrani, tarehe 25 Oktoba, inakumbuka majeshi ya Marekani yalivyotua kisiwani mwaka wa 1983. Hakuna mahindi humo. Liberia ina Alhamisi ya kwanza ya Novemba, urithi wa walowezi weusi waliotoka Marekani. Japani ilikuwa na Niiname-sai, ibada ya mpunga mpya inayofanywa na mfalme mkuu. Mwaka wa 1948, chini ya utawala wa majeshi yaliyoishinda, tarehe 23 Novemba ikabaki lakini jina likageuzwa kuwa Siku ya Kushukuru kwa Kazi, ili dini itengwe na dola. Ghana ilianzisha Siku ya Wakulima mwaka wa 1985, baada ya ukame na mioto ya 1983 kuwaonyesha watu ghala tupu. Wanaoshukuriwa humo ni wakulima wenyewe, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Ukizipanga hivyo unaona dola changa, au iliyojeruhiwa, ndiyo hutangaza. Nimeyafundisha hayo kwa muda mrefu, na Ujerumani imekuwa ikinikatalia muda wote. Iliungana mwaka wa 1871, ilijaa wakulima, ilikuwa na Erntedankfest yake, yaani sikukuu ya shukrani kwa mavuno, na kabla ya Wanazi haikuifanya mapumziko ya taifa. Woga wa leo unaeleweka: kuanzia 1933 hadi 1937 Wanazi waliigeuza maonyesho makubwa ya nguvu zao pale Bückeberg. Ila miaka 62 iliyotangulia haielezwi na Wanazi.

Ninakoegemea sasa ni siku ya wiki. Makanisa ya Ujerumani huadhimisha mavuno Jumapili. Uingereza vilevile: kasisi Robert Hawker wa Morwenstow alipoanzisha ibada yake ya mavuno mwaka wa 1843, alichagua Jumapili, na parokia nyingi zikafuata mtindo huo. Jumapili watu wamekwisha pumzika. Bunge halina cha kutoa. Wapuritani walipenda Alhamisi, na Alhamisi haifungi duka bila mtu mwenye mamlaka kuamuru. Sheria ya Uingereza ya 1871 ilipotoa siku za mapumziko ya benki, ilitoa hata Jumatatu moja ya Agosti, na mavuno hayakutajwa.

Ushahidi wangu hapo bado ni mwembamba, na nchi moja yenye Jumapili na mapumziko pamoja ingenirudisha nyuma. Hata hivyo nimemwandikia yule mwalimu, nikamwomba awarudie wanafunzi wake na habari ya Alhamisi na Jumapili kabla hawajafanya mtihani.