Fizi Kutoka Damu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Fizi zinatoka damu, ngoja nisizipige mswaki mpaka zipone."

Sidhani kama kuna dhana inayoharibu vinywa vya watu kuliko hii. Fizi hutoka damu kwa sababu zimevimba, na mara nyingi uvimbe huo unatokana na ukoga, yaani utando laini wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na fizi. Ukiacha kusafisha, ukoga unazidi na damu inazidi. Mwaka 1965 mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha utafiti ambamo watu wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Waliporudia usafi, fizi zilitulia kwa takriban wiki moja.

Kwa hiyo panapotoka damu ndipo pa kusafisha zaidi. Tumia mswaki laini, uelekeze kwenye mpaka wa jino na fizi, taratibu, dakika 2, mara 2 kwa siku, na katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Siku za mwanzo damu itaendelea kuonekana, usikate tamaa. Ila usisugue kwa nguvu, maana hapo unazikwaruza fizi na kuzifanya zishuke.

"Ni upungufu wa vitamini C, kula machungwa tu."

Kiseyeye, yaani ugonjwa wa upungufu wa vitamini C, kipo kweli. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, nao wakapata nafuu haraka. Lakini ugonjwa huo humpata mtu aliyekaa muda mrefu bila matunda wala mboga. Anayekula mapera, maembe na mchicha atafute sababu kwingine. Chungwa haliondoi ukoga.

"Maji ya chumvi au unga wa mkaa vitamaliza."

Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza maumivu, basi. Ukoga uliokaa hugeuka ugaga, mgumu kama jiwe, na huo hautoki kwa chumvi wala kwa mswaki. Mkaa na majivu hukwangua meno yenyewe. Ugaga huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake.

Hapo ndipo wengi wanaposita, wakisema kusafishwa hospitalini hulegeza meno. Naelewa hofu hiyo inakotoka. Ugonjwa ukiachwa muda mrefu hula mfupa unaoshika jino, na ugaga hujaza nafasi iliyobaki. Ukitolewa, mtu huhisi mapengo na meno kucheza. Kilicholegeza ni ugonjwa, na kadiri unavyochelewa ndivyo mfupa unavyozidi kupungua, nao haurudi kirahisi.

"Nitanunua antibiotiki dukani." Kwa fizi nyingi zinazotoka damu hazihitajiki, na zikitumika bila usafi tatizo linarudi.

"Mjamzito asiende kwa daktari wa meno." Aende. Homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa urahisi zaidi, na kusafishwa meno ni salama. Miezi ya katikati ndiyo yenye wepesi zaidi kwake.

"Navuta sigara na fizi zangu hazitoi damu, kwa hiyo ni nzima." Tumbaku hupunguza utokaji wa damu, hivyo ugonjwa unaendelea kimyakimya.

Kuna damu isiyotokana na ukoga peke yake. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, kwa hiyo pima sukari. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amweleze daktari, asiiache mwenyewe. Na fizi zikitoka damu bila kuguswa, huku mwili una madoa ya damu chini ya ngozi au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe damu: huenda chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka, kama inavyotokea kwenye dengue au saratani ya damu. Katika hali hiyo usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki kabla ya kumwona daktari.