Hisa kuzimuliwa si hisa kuchakachuliwa

Juzi ndani ya Hiace ya Tengeru nimeisikia tena, kwa kaka wa siti ya nyuma: "Kampuni ikitoa hisa mpya, wenye hisa wa zamani wameshachakachuliwa." Ni mara ya tatu mwezi huu, na safari hii hata konda aliitikia.

Maana kwanza, haraka. Hisa ni fungu. Neno limetoka Kiarabu, hissa, na maana ni hiyohiyo. Mafungu yakiongezwa, lako linakuwa sehemu ndogo zaidi ya kampuni. Ulikuwa na hisa 5 kati ya 1,000, sasa una 5 kati ya 1,200. Huko ndiko kuzimuliwa, basi.

Kinachoniudhi ni kitenzi. Kuchakachua, tulivyokizoea tangu enzi za mafuta ya taa kutiwa kwenye dizeli, ni kuchanganya kwa hila ili mnunuzi asijue. Kuzimua ni kupunguza ukali: maji ya moto unayatia ya baridi, mbele ya macho ya kila mtu. (Wanaozimua Jumapili asubuhi kwa supu wanatumia neno hilohilo; tuwaache.) Na hata kuzimua kuna kasoro, maana maji huongezwa bure, hisa mpya zinalipiwa.

Mwaka 2015 Benki ya CRDB iliuza hisa stahiki: kwa kila hisa 5 ulizonazo, haki ya kununua 1 kwa shilingi 350. Tuseme, kwa mfano tu, bei sokoni ni 500. Hisa zako 5 ni 2,500. Ongeza 350, una 2,850 kwa hisa 6, yaani 475 kila moja. Bei imeshuka kwa 25, lakini wewe hujapoteza hata senti. Anayeumia ni aliyeiacha haki yake ikaisha bila kuitumia wala kuiuza. Kabaki na 5 za 475. Hisa mpya zingeuzwa kwa 500 ileile, hesabu isingeshusha chochote. Hapo bei ingefuata swali jingine: fedha hizo zinakwenda kufanya nini?

Yule kaka wa siti ya nyuma alisema mwenyewe kwamba barua ya haki kama hiyo, kutoka kampuni aliyo na hisa, aliipata, akaiweka juu ya kabati. Tukipanda pamoja tena nitamwambia taratibu: kaka, hukuchakachuliwa. Hisa zako zilizimuliwa, na barua ile ndiyo ilikuwa kinga yako.