Kwa Nini Kituo cha Matatu Kinaitwa Drive-In Ilhali Hakuna Sinema?

Abiria anayetoka katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Thika humsikia makanga akiita "Drive-In!" baada ya kupita Muthaiga kuelekea Ruaraka, lakini akishuka haoni ila nyumba za kupangisha, maduka na msongamano wa watu. Upande wa pili wa jiji, kwenye Barabara ya Mombasa karibu na South C, kipo kituo cha Bellevue, ambacho nacho hakina dalili yoyote ya burudani, kwa kuwa kimezungukwa na magari na barabara ya kulipia ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 imepita hapo hapo. Majina hayo mawili ni masalio ya sinema mbili ambazo watu walizitazama wakiwa wameketi ndani ya magari yao: Fox Drive-In na Belle-Vue Drive-In.

Wazo lenyewe lilizaliwa Marekani. Richard Hollingshead, mkazi wa jimbo la New Jersey, alitundika shuka kwenye miti nyumbani kwake, akaweka projekta juu ya boneti ya gari na redio nyuma ya shuka, akaona kwamba picha inatazamika vizuri. Tatizo lilikuwa magari ya mbele kuyakinga ya nyuma. Alilitatua kwa kuweka vipande vya mbao chini ya magurudumu ya mbele mpaka akapata mwinuko unaomwezesha mtu kuona juu ya paa la gari lililomtangulia. Alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi huo, mwezi Mei 1933, na tarehe 6 Juni mwaka huo akafungua sinema yake karibu na mji wa Camden, kwa kiingilio cha senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu. Mahakama iliibatilisha hataza hiyo mwaka 1949, na kufikia mwaka 1958 Marekani ilikuwa na zaidi ya sinema 4,000 za namna hiyo.

Vile vipande vya mbao vya Hollingshead ndivyo vilivyogeuka matuta ya udongo yaliyopangwa kama upepeo uliokunjuliwa mbele ya skrini, kila gari likipanda tuta lake kwa magurudumu ya mbele. Kati ya gari na gari kulikuwa na nguzo fupi yenye spika mbili za chuma, kila moja na waya wake na kitufe cha kuongeza au kupunguza sauti. Dereva aliteremsha kioo kidogo, akaiangika spika ukingoni mwa kioo, akakipandisha tena hadi ilipokazana. Katika baridi ya Julai ya Nairobi, uwazi huo mdogo ndio uliopitisha upepo wa usiku wote. Aliyechungulia kutoka nje ya ua aliona picha bila kusikia neno, na asiyekuwa na gari, wala rafiki mwenye gari, hakuwa na nafasi katika burudani hiyo. Hilo halifai kusahauliwa tunapozikumbuka sinema hizi kwa mapenzi, nami nazikumbuka hivyo.

Mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini zilikuwa kando ya barabara kuu na si mjini, kwenye majumba kama Odeon, Globe na Kenya Cinema. Zilihitaji ekari nyingi za ardhi ya bei nafuu, lango lisiloziba barabara, na giza la kutosha. Kuhusu giza, Nairobi ilibarikiwa kuliko miji mingi ya Marekani zilikozaliwa. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua huzama baina ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni mwaka mzima, na utusitusi haudumu, hivyo filamu ingeweza kuanza mapema na watoto wakairudia nyumba kabla ya usiku wa manane. Kule Marekani, ambako jua la kiangazi huchelewa kuzama, saa za ukutani zilipoanza kusogezwa mbele kwa saa moja kila kiangazi karibu nchi nzima kuanzia mwaka 1967, giza likachelewa zaidi, na wenye sinema hizi walilalamika kwamba wanapoteza saa nzima ya biashara.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na sinema yake ya magari, Msasani, na kiwanja chake ndicho ulikojengwa ubalozi mpya wa Marekani baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998.

Zetu za Nairobi ziliuawa na mambo kadhaa kwa pamoja. Kanda za video za miaka ya 1980 ziliileta filamu sebuleni. Miaka ya 1990 wizi wa magari kwa mtutu wa bunduki uliwatia wakazi wa Nairobi hofu ya kuketi gizani ndani ya gari lililosimama. Zaidi ya yote, ardhi iliyokuwa pembezoni ilijikuta ndani ya jiji, na uwanja unaoingiza pesa saa chache za usiku haushindani na fleti zinazolipiwa kodi kila mwezi.

Anayetaka kuvitafuta viwanja hivi asitarajie kibao cha kumbukumbu. Aanze na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, kwa sababu matuta yale ya upepeo hayafanani na shamba wala na mtaa, na jicho huyatambua mara moja. Makao ya Survey of Kenya, idara inayotunza ramani za nchi, yako papo hapo Ruaraka, mwendo mfupi kutoka kituo cha Drive-In.